Safu ya Tatu

Daftari langu lina safu tatu.
Ya kwanza, siku thelathini: hawa bado hunisalimia.
Ya pili, sitini: hawa hupita ng'ambo ya barabara
wakitazama nyaya za stima kama walioajiriwa kuzihesabu.
Ya tatu, tisini na kuendelea, naiita Kikowani.
Aliyeingia humo hatoki, huwa nasema,
na karani wangu Bwanaheri hucheka kila mara,
kwa kuwa mimi ndiye ninayemlipa.

Nauza rangi, misumari, gundi ya mbao,
hapa Majengo, chini ya kibao nilichokiandika mwenyewe:
LEO TASLIMU, KESHO MKOPO.
Hiyo kesho imefika kila asubuhi tangu nifungue duka.

Fundi Shebwana alikuwa Kikowani ya daftari tangu Mfunguo Tatu.
Elfu thelathini na nane na mia sita.
Nilimpigia; simu ikaita hadi ikachoka.
Nikamtumia ujumbe wa upole, kisha wa ukali.
Nikamtuma Bwanaheri Kisauni na risiti zote;
akarudi na chupa ya achari na salamu.
Achari niliila.
Salamu sikuwa na safu ya kuziandika.

Usinione mkali. Nami nina daftari la mtu.
Shimanzi, kwa Taibali, jina langu limelala kwenye karatasi ya njano,
na hundi yangu ya tarehe thelathini inakua kama mimba.
Pesa za Shebwana zilikwisha kuwa za Taibali
kabla hazijawa zangu.

Alhamisi usiku, Shebwana akafa.

Msikitini, kabla hajaswaliwa, nduguye akageukia watu:
"Anayemdai marehemu asione haya. Aje kwetu. Deni tumelibeba sisi."
Kimya. Kila mtu na vidole vyake vya miguu.
Nilikuwa nimesimama safu ya tatu.
Nilihesabu mara mbili.
Mkono ukawa mzito kuliko mfuko wa saruji.
Sikusema namdai. Sikusema nimesamehe.
Mtu hasamehi kwa pesa za Taibali.

Tukambeba hadi Kikowani, ile ya kweli.
Udongo wake ukaniingia viatuni nikarudi nao dukani.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
miaka yote nilidhani ni methali tu.

Siku ya nne akaja bintiye, Mishi.
Akaweka juu ya kaunta kijitabu cha shule, kimejaa madoa ya vanishi.
"Baba aliandika. Tazama kama tunakubaliana."

Langu: 38,600.
Lake: 41,300.
Nikadhani mzee alikosea kujumlisha.
Hakukosea.
*Tarehe 12, makopo mawili, nyeupe. Nimechukua jioni.
Bwanaheri hayupo, mwenyewe ana wageni. Nimkumbushe.*

Jioni hiyo siikumbuki.
Wageni siwakumbuki.
Jina lake tu ndilo nililolikumbuka, siku tisini, kwa hasira.

"Nashona mapazia," alisema. "Elfu tatu, kila mwisho wa mwezi.
Ukikataa, sema sasa."
Hesabu naijua: miezi kumi na mitatu, na masalio.
Hundi ya Taibali: siku sita.

Nilifungua mdomo nimwambie yale makopo mawili basi, yaishe.
Akanitazama
kama mtu anayepokonywa kitu chake mkononi.
Nikaufunga.

Nikachukua kalamu.
Nikayaongeza makopo mawili kwa mwandiko wangu,
nikapiga mstari juu ya jina la mzee,
taratibu, kwa rula,
nikafungua ukurasa mpya, safu ya kwanza.

"Jina kamili?"
"Mishi binti Shebwana."

Simu ikaanza kuita. Shimanzi.
Bwanaheri akanitazama, safari hii hakucheka.
Nikaiacha iite
hadi ikachoka.